Koplo wa Kihanga na Mdomo wa Saksafoni

Nina diploma ya muziki. Naanza na hilo kwa sababu nimelitolea jasho, na aliyetoa jasho haoni haya kuonyesha shati. Sikupelekwa ng'ambo na serikali, wala na misheni, wala na mjomba mwenye lori. Mchana niliosha sahani London, jioni nikasoma, na nikarudi Karagwe na karatasi yenye muhuri na saksafoni niliyoinunua mwenyewe. Kuanzia Rugera mpaka Rubwera, uliza popote, hajatokea mwingine. Lakini jambo ambalo wapigaji wenzangu wa Kampala na Nairobi huniandikia barua kuniuliza, sikulipata chuoni. Ni namna ya kuchagua mdomo wa saksafoni. Hilo nilifundishwa Kihanga, ndani ya kibanja cha migomba, na mtu ambaye barua zake zote alisomewa na mkewe.

Sote tulimwita Koplo. Jina la ubatizo alikuwa nalo, mchungaji alilijua, na hakuna mwingine aliyelihitaji. Alirudi kutoka vita vile vya pili vya Wazungu akiwa na sanduku la mbao, na ndani yake saksafoni. Ndani ya saksafoni, kwenye ule mdomo mpana wa mbele unaotazama watu, alikuwa ameshindilia kopo la tumbaku. Ndani ya kopo kulikuwa na midomo minne ya kupulizia, kila mmoja umeviringishwa kwa kipande cha lubugo, lile gome la mti tulilovaa zamani kabla ya shuka.

"Nilipewa na ofisa wa bendi siku tulipovunja kambi," alisema.

"Alipewa, ndiyo," alisema mkewe. "Ofisa alikuwa amelala."

Koplo hakukana, wala hakukubali. Alikuwa na namna ya kutazama juu ya migomba mpaka neno lisilompendeza lipite.

Kwa asiyejua vyombo hivi, mdomo ninaouzungumzia ni kile kipande cha juu kabisa, kirefu kama kidole, ambacho mpigaji hukitia kinywani. Chini yake hufungwa ulimi, yaani kibanzi chembamba cha tete, na kati ya ulimi na ncha ya mdomo huachwa mwanya mdogo, unene wa ukucha hivi. Pumzi yote ya mtu hupita hapo. Mwanya ukiwa mpana, unataka ulimi laini na kifua cha mbeba magunia. Ukiwa mwembamba, unataka ulimi mgumu na subira. Shaba yote iliyobaki, na vibonyezo vyake vyote vinavyong'aa, ni bomba tu. "Shaba ni nyumba," Koplo alisema. "Mdomo ndiye mwenye nyumba."

Nilimwendea nikiwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa mpimaji wa kahawa kituoni, nina baiskeli, nina viatu, na tayari nilikuwa nimejifundisha filimbi mwenyewe. Niliegemeza baiskeli mahali ambapo angeiona.

"Shikamoo, Koplo."

"Marahaba." Alinitazama kuanzia chini. "Hivyo viatu, unavipuliza?"

Nikasema nataka kupiga jazi. Yeye jazi aliisikia Burma, kwa askari weusi wa Kimarekani waliopiga kambi jirani na yao, na tangu siku hiyo, alisema, nyimbo za gwaride la jeshi zilikuwa kwake kama ugali bila mboga. Alifungua kopo, akapanga midomo minne juu ya jani la mgomba, akaniambia nipulize noti moja ndefu kwa kila mmoja, kisha nimwambie upi umenipendeza. Alinipa mitatu. Wa nne akauacha pale pale.

Sikusita. Mmoja ulikuwa wa chuma cheupe, unang'aa, una mwanya mpana, na nilipoupuliza nilisikia kichwa changu chote kikilia kama kengele ya kanisa. Nikauinua. "Huu."

"Nani kakwambia unakupendeza?"

"Masikio yangu."

"Masikio ya mpigaji yako nyuma ya meno yake. Sauti inapita kwenye meno na mifupa kwanza, ndipo inafika. Wewe unajisikia kama mtu anayejitazama kwenye kijiko."

Kisha akapaza sauti kuelekea ng'ambo ya kibanja, ambako mkewe alikuwa akipalilia maharage. Kibanja chao kilikuwa kipana na migomba yake imeshonana, na majani ya mgomba, kama hujui, hula sauti kuliko ukuta wa matofali. "Mama! Sikiliza!"

Nikapuliza ule wa chuma.

"Lori la kahawa limeshika breki!" mama akajibu.

Nikapuliza wa pili, mweupe kama mfupa.

"Mbuzi wa jirani kafungwa vibaya!"

Wa tatu ulikuwa umemeguka ukingoni. Nikapuliza mpaka macho yakanitoka. Kimya. Mwishowe mama akauliza, "Mmeshaanza?"

Koplo alicheka mpaka akakaa chini. Ndipo akauchukua wa nne, mweusi, wa mpira mgumu, wenye vishimo viwili juu ambako meno yake ya mbele yalikuwa yamekaa miaka yote ile aliyopiga kwenye bendi ya jeshi. Akaniruhusu mara moja tu. Kwangu mimi ulisikika mdogo, umeficha uso, kama mtu anayesema na wewe akiwa amefunikwa blanketi. Nikapuliza noti moja, nikangoja kuchekwa.

"Huyo ni mtu," mama alisema kutoka huko. "Simjui, lakini ni mtu."

Hivyo ndivyo mdomo wa saksafoni unavyochaguliwa, na nimeona maprofesa wasiolijua hili. Hauchaguliwi na mpigaji. Huchaguliwa na aliye ng'ambo ya migomba.

Nilipomzoea nikagundua kwamba somo hilo hakulipata jeshini. Alilipata kwa wapiga makondere, zile tarumbeta za vibuyu zilizokuwa zikilia kwenye ikulu ya Mukama, mfalme wetu. Kila mpiga kondere ana noti moja tu. Hana ya pili. Anangoja zamu yake, anatoa noti yake, ananyamaza, na wimbo hujengwa na watu wengi kama ukuta. Mbele ya Wazungu Koplo alizidharau sana, akiziita mambo ya kale. Lakini ziliposikika mahali, angeacha jembe limesimama shambani. "Yule wa tatu ana huzuni leo," angesema, naye alikuwa umbali wa kilima kizima. "Mtu mwenye noti moja maisha yake yote, asipojulikana kwa hiyo, atajulikana kwa nini?"

Alikuwa hivyo, mtu wa pande mbili. Noti za muziki kwenye karatasi alizisoma kama mchungaji anavyosoma Zaburi, lakini herufi za kawaida zilimshinda, na barua ikija alimpa mkewe huku akisema macho yanawasha. Jumapili hakugusa saksafoni, kwa kuwa alikuwa Mlutheri wa kweli, lakini kanisani vidole vyake vilikuwa juu ya jalada la kitabu cha nyimbo, vinabonyeza, na mimi niliyekaa nyuma yake niliweza kusoma kwamba anachopiga si wimbo wa siku hiyo hata kidogo. Alikuwa bahili wa sifa. Katika miaka minne hakunisifu. Lakini ndimi za tete, ambazo zilikuwa adimu kuliko chumvi, alinigawia bila kuhesabu, na zilizochakaa alizikwangua kwa kipande cha chupa mpaka zikafufuka.

Ule mdomo uliomeguka nilimwuliza kwa nini hautupi.

"Huo ni ujinga wangu," alisema. "Nauhifadhi."

Huko Burma alikuwapo Mmarekani mmoja mwenye sauti pana kama mto, na Koplo aliitamani sauti ile. Akachukua tupa, akaukwangua mdomo wake mzima ili mwanya uwe kama wa yule bwana. Ulikufa mkononi mwake. "Nilitaka mwanya wa mtu mwingine," alisema. Akauviringisha tena kwenye lubugo lake kwa adabu, kama mtu anayemfunika mgonjwa.

Sasa kuhusu kahawa za kutafuna. Mgeni akifika kwako, kabla ya maneno, unamletea punje za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa na maganda yake, naye anatafuna. Kukataa ni kumtukana mwenye nyumba. Koplo hakukataa hata mara moja. Alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akapeleka mkono kinywani, na baada ya hapo taya lake halikutikisika. Ilinichukua muda kuona kwamba punje zilishukia mfukoni mwa shati. Mfuko wake wa kushoto ulikuwa umebadilika rangi kwa ajili hiyo. Siku zisizo na muziki pia hakutafuna. Alisema mpigaji hajui ni saa ngapi ataitwa.

Hakunieleza sababu. Aliniachia Rubwera ndiyo inieleze.

Tuliitwa huko kwenye harusi, watu wanne: Koplo, mimi, mpiga gitaa na mpiga ngoma, juu ya lori la kahawa. Ilikuwa harusi ya watu wakubwa, makarani na wafanyabiashara waliotoka Bukoba na Muleba, wamevaa tai. Koplo alisema wimbo wa kwanza nipige mimi. Nilikuwa nimeungojea wakati huo kama mvua. Na kwa kuwa saksafoni ilikuwa moja na kopo lilikuwa mikononi mwangu, niliutoa ule mweusi nikafunga wa chuma. Nilitaka wale wenye tai wanisikie mpaka mwisho wa uwanja.

Mama wa bwana harusi akaleta kahawa. Nikapokea, nikatafuna kama kijana mwenye adabu. Nikasimama. Nikapuliza.

Ganda la kahawa lilikuwa limeingia kati ya ulimi na mdomo. Kilichotoka sitakisahau, wala Rubwera haijakisahau.

"Nguruwe pori kaingia kibanjani!" mtu akapiga kelele, na uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Wengine walijifanya kushika mikuki. Bibi harusi alijifunika uso kwa shela, mabega yakimtikisika.

Koplo hakuharakisha. Aliichukua saksafoni mikononi mwangu, akaufungua ulimi, akatoa ganda kwa ukucha, akalitazama, akalitia mfukoni pamoja na punje zake. Akafunga mdomo mweusi. Akapiga noti moja, ndefu, ya chini, na kile kicheko kikazimika pole pole kuanzia mbele kwenda nyuma. Kisha akaanza dansi, na wale wa tai walicheza mpaka vumbi likawafika magotini.

Juu ya lori, tukirudi, nilingoja anitukane. Vilima vikapita. Mwishowe nikasema mimi.

"Koplo, ni kahawa."

"Kahawa ni ganda tu. Ungelitoa." Akanigeukia. "Ulifunga mdomo wa nani?"

Nikalitazama kopo lililokuwa mapajani mwangu.

"Si wangu, si wako. Ulifunga mdomo wa wale wenye tai. Bado hujachagua."

Neno hilo lilinichoma kuliko nguruwe pori. Mwaka uliofuata niliacha kazi ya kupima kahawa, nikauza baiskeli, nikaamua kwenda. Siku ya kuaga nilimwomba kitu kimoja tu, ule mdomo mweusi. Nilidhani nimestahili.

"Mdomo si zawadi," alisema. "Huu una meno yangu. Nenda, ukatafute wako. Ukiupata, rudi, upulize kutoka barabarani bila kunipa taarifa. Nikikujua kutoka ng'ambo ya kibanja, basi wewe ni mpigaji. Nisipokujua, tutakunywa chai, utaniletea habari za safari."

Mkewe akasema, "Koplo, kijana anakwenda mbali hivyo, mpe hata neno zuri."

"Nimempa," alisema.

Nairobi nilipiga kwenye hoteli kwa saksafoni ya kukodi na mdomo wa kukodi. London nilipopata akiba nilikwenda dukani, duka refu lenye zulia, na muuzaji akanitandikia midomo kumi na miwili juu ya kitambaa. Akaanza na ile ya chuma, ya bei ya juu, akaniambia ndiyo wanayotumia wakubwa wa jazi. Nikamwomba atoke nje, avuke barabara, asimame mlango wa kinyozi.

"Kwa nini, bwana?"

"Kwa sababu hapa London hamna migomba."

Mzungu yule alitoka. Alivuka. Labda alidhani nimerukwa na akili, lakini alikuwa mstaarabu, na mimi nilikuwa nimevaa vizuri. Nilipiga noti moja kwa kila mdomo, mlango ukiwa wazi, mabasi yakipita, naye akawa anarudi na jibu. Huu ni mkali. Huu nimeusikia vizuri sana. Huu umefika wote. Kwa wa tisa alirudi akasimama mlangoni, akasema, "Sijui niseme nini. Nilisahau kwamba nasikiliza saksafoni. Nilidhani unaniita." Ulikuwa mweusi, wa bei ya kati, mwanya wa wastani, koo pana ndani. Niliununua. Chuoni, mwalimu wangu wa saksafoni aliniuliza ni nani aliyenichagulia. Nikamwambia, Koplo mmoja wa Kihanga. Akaandika jina la Kihanga kwenye daftari lake. Mimi ndiye niliyemtajia herufi, moja moja.

Nilirudi baada ya miaka saba. Kwetu walinichinjia, nami nikaonyesha diploma mpaka kwa bibi asiyeona vizuri, akaupapasa muhuri. Lakini moyo wangu haukukaa. Chuoni walikuwa wamenibadilisha namna ya kukaza midomo yangu, namna ya kushusha pumzi, hata namna ya kusimama. Karatasi ilisema nimefaulu. Haikusema kama bado ni mimi.

Siku ya tatu nilikwenda Kihanga. Mama nilimkuta karibu na barabara, kichwani amebeba mkungu. Alinitambua, mkungu ukaanguka.

"Shikamoo, mama. Tafadhali usimwite."

"Marahaba, mwanangu. Hee! Umenenepa vizuri." Alishika mikono yangu yote miwili. "Yuko ng'ambo, anageuza kahawa juani. Lakini nikwambie mapema. Meno ya mbele yamekwisha. Mwaka wa pili huu hajapuliza. Sanduku halifungui."

Nilitoa saksafoni, nikaikaza, nikasimama kando ya barabara nikitazama migomba. Nikapiga kile kipande cha muziki nilichofaulia mtihani. Kigumu, cha mbio, noti kama mvua ya mawe. Mbele ya walimu watano kilikuwa kimenipatia makofi. Nilipomaliza, majani yalitikisika kidogo, kisha sauti ya Koplo ikatoka ng'ambo, ya upole, ile anayotumia kwa wageni.

"Karibu, bwana! Unayepita barabarani, karibu upumzike!"

Bwana. Hakunijua. Mama alitazama chini, akaanza kuokota mkungu wake bila haraka.

Ningeweza kwenda kunywa chai. Nilifikiria hivyo kabisa. Ndipo nikakumbuka kwamba mtihani wake haukuwa wimbo. Nikarudisha mdomo kinywani, nikaacha midomo yangu ikae kama ilivyokaa zamani, kabla sijasahihishwa, nikapiga noti moja. Ya chini. Sikuipamba. Niliishikilia mpaka pumzi ikaisha, kisha nikangoja.

Zikaja kelele za mabati, kama mtu aliyeacha reki iangukie kwenye debe.

"Wewe mla kahawa wa Rubwera!" Koplo alipiga kelele. "Umerudi lini?"

Mama alicheka na kulia pamoja. Mimi nililia tu, na sioni haya kuliandika.

Alitoka kati ya migomba akitembea upesi kuliko umri wake, mkono umetangulia. Alikuwa amekonda. Aliponiita jina langu, herufi zilipita pale palipokuwa na meno zikitoa upepo. Hakuuliza diploma. Niliitoa mwenyewe, akaishika wima kama kioo, akampa mkewe. "Isome wewe, macho yananiwasha." Alichotaka ni mdomo. Aliuviringisha vidoleni, akachungulia mwanya kwenye jua, akaingiza kidole cha mwisho kwenye koo lake, akapapasa juu, ambako meno yangu yalikuwa yameanza kuchimba vishimo viwili.

"Wako," alisema. Akanirudishia.

Tukakaa barazani. Mama akaleta kahawa za kutafuna kwenye kisahani. Koplo alichukua punje zake, akashukuru, akapeleka mkono kinywani, nami kwa mazoea nikatazama mfuko wa shati. Mkono haukushuka. Taya lilianza kutembea. Alitafuna kwa magego, taratibu, akitazama juu ya migomba, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumwona akitafuna.

Nikachukua zangu. Nilikuwa nimeshazifikisha karibu na midomo aliponishika mkono.

"Wewe tia mfukoni," alisema. "Watu wameshasikia. Wanakuja."